Mtoto wa Jicho

Juzi muuguzi mmoja kijana alinimulika jicho la kushoto kwa tochi ndogo, akarudi nyuma kidogo, akaniambia kwa upole wa watu waliozoea kutoa habari mbaya: "Mama, uko na mutoto wa jicho. Angali mudogo, lakini siku moja tutamutoa." Nikacheka. Nilicheka mpaka akadhani sijaelewa, akaanza kunieleza upya kwa Kifaransa. Nilikuwa nimeelewa, tena vizuri kuliko yeye. Maneno hayo hayo niliyasikia nikiwa na miaka minane, nikayaelewa kichwa chini miguu juu, na yaliyotokea baada ya hapo sikumsimulia mtu yeyote aliye hai leo mpaka juzi, nilipomsimulia mama mdogo.

Tuliishi mjini, mtaa wa Nyakabiga, baba na mimi, vyumba viwili na ua wa kutosha kuanika nguo tatu. Mama alikwisha fariki. Simkumbuki ila kwa picha moja. Baba alikuwa mchoraji wa ramani ofisini, mpaka macho yalipoanza kuingia ukungu wakampumzisha. Watu waliendelea kumjia nyumbani, kwa sababu alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho. Yeyote aliyetaka kununua kiwanja huko milimani juu ya mji alipita kwanza kwetu, amuulize mzee karti yake, yaani ramani, inasemaje.

Karti ile ilichorwa wakati wa Wabeligiji, kabla hata baba hajaanza shule. Ofisi ilikuwa inataka kuitupa, akaiomba, akaja nayo nyumbani ndani ya bomba la bati. Ukifungua kifuniko ilitoka harufu ya karatasi iliyolala na unyevu, ikichanganyika na mafuta ya taa ambayo baba aliyapaka kwenye bati ili mende wasisogee. Jumapili baada ya misa aliitandaza mezani. Pembe moja tuliikandamiza kwa pasi ya makaa, mbili kwa vikombe, na ya nne kwa kiwiko changu.

Ilikuwa ni milima yetu, lakini bila sisi. Mahali ambapo mimi nilijua kuna nyumba za mabati zilizobanana ukuta kwa ukuta, karti ilionyesha nukta nyeusi tatu, kisha nafasi tupu, kisha nukta mbili. Kila nukta ni rugo moja, alisema baba: nyumba, ua, ng'ombe, migomba nyuma. Watu wale walijenga migongoni mwa vilima. Mabondeni, kando ya vijito, hapakuwa na nukta hata moja. Niliwahi kumuuliza kwa nini waliacha mahali pazuri namna hiyo, karibu na maji, na yeye akanijibu kwamba hawakuwa wajinga. Sikuelewa jibu hilo, nikaendelea kuhesabu nukta.

Mistari ya kahawia ilijaa kila upande, ikizunguka vilima. Nilijiaminisha kwamba ni njia za watu. Pale mistari ilipobanana sana, nikasema moyoni, ndipo wanapopita wengi, lazima kuna soko. Siku moja nikamwonyesha baba soko langu, nikamtajia hadi bidhaa zinazouzwa pale. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Apana soko hapo, Gore," akasema. "Hapo ndipo mutu anaangukaka."

Majina ya mabonde nayo yalimchekesha. Mzungu mpimaji, kwa maelezo ya baba, alikuwa akipita na daftari, anamkuta mchungaji, anamuuliza: huku kunaitwaje? Na mchungaji akiwa hajui, au hataki, anajibu kwa Kirundi: simbizi. Yaani, sijui. Mzungu anashukuru, anaandika. Ndiyo maana hadi leo, kwenye karatasi ile, kuna bonde dogo la mashariki mwa mji lililoandikwa kwa herufi nzuri za mlazo: Simbizi. Baba kila akifika hapo alicheka upya, nami nilicheka naye ingawa utani nilikuwa nimeusikia mara mia.

Ndani ya Simbizi ulipita mstari wa buluu. Haukuwa mzima kama ile ya mito mikubwa. Ulikuwa unakatikakatika, kama mshono wa fundi aliyeishiwa uzi. Nilimuuliza.

"Huo ni mutoni yenye inalala," baba akasema. "Mwaka wote inalala. Miaka mingi hata, inalala. Watu wanapanda maharage juu yake, wanaisahau."

"Na ikiamuka?"

"Ikiamuka haiulizi nani amejenga hapo."

Kwa siku kadhaa baada ya maneno hayo nilitembea kwa vidole vya miguu. Nilidhani mito inalala chini ya Nyakabiga pia, na mtu akiangusha ndoo ataiamsha. Jirani mmoja alikuwa anatwanga mihogo uani, nikamwomba atwange polepole. Alinifukuza, akamwambia baba kwamba mtoto wake ameanza kuwa na mambo.

Macho ya baba yaliendelea kufifia. Mtu alimwona, gari aliliona, lakini mstari mwembamba ulikuwa umempotea kabisa. Basi mimi nikawa macho yake. Tukitembea aliweka mkono kwenye bega langu la kulia; tukiwa mezani nilimsomea karti, naye aliniambia nini cha kutafuta. Alinifundisha hata kazi ya wembe. Wachoraji wa zamani, wino ukikosea njia, hawakufuta kwa raba; walilaza wembe karibu ubapa, wakakwangua juu juu mpaka wino utoke, kisha wakasugua mahali pale kwa ukucha ili karatasi irudi kuwa laini. Nilikuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo. Baba aliwaambia wageni kuwa nimemzidi, na mimi nilivimba kichwa.

Mama mdogo Imelda ndiye aliyempeleka zahanati. Alikuwa mdogo wa mama yangu, mzaliwa wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, kama yeye, akiuza vitenge mtaa wa Bwiza na kupanga chumba nyuma ya baa. Alikuwa na mdomo, kila mtu alimwogopa, nami nilimpenda na kumwogopa kwa kipimo kimoja. Siku hiyo waliniacha kwenye benchi nje ya dirisha. Nikamsikia muuguzi akisema wazi wazi:

"Ni mutoto wa jicho. Lazima atolewe."

"Basi atolewe," mama mdogo akasema. "Hata leo."

"Apana, tungoje kwanza," baba akasema. "Tungoje kidogo."

Baba alikuwa akiogopa kisu. Leo najua. Siku ile, pale kwenye benchi, nilisikia kitu kingine kabisa. Mtoto wa jicho ni nani kama si mimi? Nani mwingine alikuwa macho yake? Walikuwa ndani wakikubaliana kunitoa, mama mdogo ndiye anayeharakisha, na baba peke yake ananitetea. Waliporudi nje nilimshika baba mkono kwa nguvu zangu zote, akaniuliza nina nini, nikasema sina kitu.

Wiki haikuisha, mama mdogo akaja kwetu na habari yake. Hakukaa hata kitini.

"Shemeji, mi nimechoka na chumba ya watu. Ulevi mchana, matusi asubuhi. Nimepata parseli ya kujenga kule juu, mwenyewe anataka jibu. We angalia karti yako. Ukisema iko muzuri, ninajenga, na ninakuwa karibu na nyinyi. Ukisema haiko muzuri, basi, narudi kwetu Uvira, na Goreti tunaenda naye. Mutoto wa dada yangu hawezi kubaki na mwanaume asiyeona hata sahani yake."

"Parseli iko upande gani?" baba akauliza.

Akaeleza: unapita njia ya mashimo, unashuka bondeni, pale penye udongo mwekundu. Baba alikunja uso. Akasema Jumapili tutatazama. Mimi sikuhitaji kungoja Jumapili. Nilikwisha jua ni wapi, na nilijua kuna nini.

Jumamosi asubuhi baba alienda kunyoa. Nikatoa karti kwenye bomba, nikaikandamiza kwa pasi na vikombe, nikachukua wembe. Vipande vinne vya buluu vilipita ndani ya Simbizi. Niliviondoa vyote, kimoja kimoja, nikipuliza vumbi, nikisugua kwa ukucha kama nilivyofundishwa. Juu na chini ya bonde sikugusa. Kwa hiyo mto wangu ulishuka kutoka kilimani, ukapotea, halafu ukatokea tena mbele, jambo ambalo mtu yeyote mwenye macho mazuri angelicheka. Nilikuwa nimejiridhisha kabisa. Mstari umetoka, mto umetoka. Mama mdogo atajenga, haendi Uvira, na mimi sitatolewa.

Jumapili baba alikaa mezani, mama mdogo akasimama nyuma yake na kikapu mkononi.

"Gore, tafuta Simbizi."

"Nimepata, Papa."

"Mustari ya blue inapita hapo?"

"Apana. Haiko."

"Kuko mustari moja yenye kukatikakatika, nakumbuka. Angalia tena."

"Labda ni ya bonde ingine, Papa. Hapa haiko."

Alinyoosha kidole, nikakishika, nikakiweka juu ya neno Simbizi. Kidole kikashuka taratibu, kikasimama, kikarudi juu, kikashuka tena. Kisha akaniambia nimletee maji ya kunywa. Nikaenda uani kwenye mtungi, nikajaza kikombe, nikamwaga nusu mlangoni. Niliporudi alikuwa ameanza kukunja karti.

"Jenga, Imelda," akasema.

Akajenga. Ulikuwa wakati wa kiangazi, udongo wa Simbizi mgumu kama ugali wa jana. Mafundi walichimba msingi, na kwa kina cha goti wakaanza kukuta kokoto za mviringo, laini, zilizosuguliwa. Fundi mkuu alifurahi, akasema Mungu amemletea dada kokoto za bure. Mama mdogo alituita tuzione. Baba aliichukua moja, akaigeuzageuza kiganjani kwa muda mrefu, akaitia mfukoni. Usiku hakula vizuri.

Nilianza kuogopa baada ya hapo. Nyumba ilikuwa nzuri, ya matofali ya kuchoma, mlango wa buluu ambao mama mdogo aliuchagua mwenyewe akauona ni wa kifahari. Lakini pembeni mwa ua ardhi ilikuwa imebonyea, na kila tukienda ilikuwa imebonyea zaidi kidogo. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ubaridi chini, hata jua la saa sita likiwaka. Vyura walilia pale wakati hapakuwa na tone la maji mtaani kote. Mama mdogo alisema ni vyura wa jirani. Hakuwa na jirani upande ule. Nilikuwa naingia nyumbani kwake nimevua kandambili, nikiweka miguu polepole, na yeye akaniona ni mtoto mwenye adabu.

Mvua za kwanza zilikuwa za kawaida. Kisha ikaja juma moja ambalo milima haikuonekana kabisa. Alasiri moja nilikuwa mlangoni na baba, tukiangalia maji yakipita barabarani, nikasikia sauti kutoka upande wa juu. Haikuwa radi. Ilikuwa kama watu wengi wanaoburuta makabati sakafuni, bila kupumzika. Baba aliinua kichwa.

"Unasikia?" akauliza.

Hapo nilishindwa. Nilimwambia yote kwa mkupuo: wembe, vipande vinne, kwamba sikutaka kutolewa, kwamba mstari ulikuwepo tangu mwanzo. Nilingoja kofi. Nilitamani anipige. Aliniuliza kitu kimoja tu, nani aliniambia nitatolewa, nikamwambia muuguzi, mutoto wa jicho. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sijui kuieleza hadi leo. Alinivuta kichwa akakibana tumboni mwake, mara moja, kwa nguvu, halafu akachukua koti.

Tulipanda pamoja, mkono wake begani mwangu. Maji yalikuwa yanatufikia vifundoni, mekundu. Watu walikuwa wanashuka na magodoro kichwani, wengine wanatupigia kelele turudi. Tulipofika pale njia inapoingia bondeni aliniambia nisimame chini ya baraza la duka lililofungwa.

"Simama hapa. Usitoke hata nikikuita."

"Papa, huoni njia."

"Nitamusikia Imelda. Ile sauti yake, nani anaipotezaka?"

Akaenda bila bega langu. Alitembea ameinua mikono kidogo mbele. Pale niliposimama niliona yote, kwa sababu macho yangu yalikuwa mazuri. Simbizi ilikuwa imejaa maji ya kahawia yanayoruka, na ua wa mama mdogo ulikuwa umekatwa katikati. Mama mdogo alikuwa mlangoni, amekumbatia gunia la vitenge, hasogei mbele wala nyuma. Baba alisimama ukingoni akamwita kwa jina. Alimwita tena na tena, njoo kwenye sauti yangu, tupa hiyo kitu, njoo. Mwishowe mama mdogo akatupa gunia, akakimbia, akapita kando ya baba, akashika mti juu ya njia. Kisha akageuka kumwita baba.

Kulikuwa na ufa nyuma ya visigino vya baba. Niliuona ukifunguka. Nilipiga kelele, lakini mvua ilikuwa nyingi, na yeye alikuwa amegeuza uso upande wa sauti ya Imelda, anatabasamu, nadhani kwa sababu alijua mama mdogo ameshapona. Ardhi iliondoka na yeye akiwa wima.

Walimpata siku ya pili, chini sana, karibu na barabara ya lami.

Mtaani walisema kipofu alimpimia shemeji yake kiwanja kwenye njia ya maji, na Mungu amemwonyesha. Walisema hata kwenye matanga, wakinywa chai yetu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nasikia, nikafunga mdomo. Mama mdogo naye alikuwa amekaa kwenye mkeka ule ule, anasikia, na yeye mwenye mdomo wake wote hakuwajibu. Nilifikiri ni majonzi. Alihamia kwetu Nyakabiga, akanilea, akanisomesha, akaniozesha. Hakuwahi kunipiga hata siku moja. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimwona ni mtakatifu, nikazidi kumwonea haya, na kila nilipotaka kumweleza niliambiwa na moyo wangu kwamba atanichukia kwa haki.

Sasa ni mzee, anaishi kwangu Mutakura, miguu haimbebi lakini macho yake yanaona sindano sakafuni. Niliporudi kutoka kwa yule muuguzi nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nikapiga moyo konde, nikakaa chini mbele yake kama mtoto, nikasema. Nilimwambia kuhusu benchi, wembe, vipande vinne. Nilimwambia baba hakukosea, kwamba jina lake nimeliacha lichafuliwe miaka yote hii kwa sababu ya woga wangu. Nililia vibaya, kwa sauti, mtu mzima mimi.

Hakuacha kuchambua. Alitoa jiwe moja, akatoa la pili, akayaweka pembeni.

"Najua," akasema.

"Unajuaje?"

"Ulienda kuchota maji." Mikono yake ilisimama ndani ya ungo. "Ulipotoka akaniita. Akasema, Imelda, hapa karatasi iko laini kupita pengine, mi simwamini huyu mutoto leo, ana sauti ya uongo. Kuja uangalie na macho yako. Nikainama. Nikaona pamechubuka, Gore. Nikaona mutoni unatoka juu, unaisha, unaanza tena chini. Mi sikusoma sana lakini si mujinga. Na nyumba nilikuwa naitaka. Nilikuwa naitaka mpaka naiota."

Nilimwangalia. Alikuwa anaangalia maharage.

"Nikamwambia, hakuna kitu, shemeji, ni karti imezeeka."

"Akasema nini?"

"Akasema asante."